Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: Tunaomba kuta mbili

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Februari 2026

YAH: MADARASA MATATU YANAYOFUNDISHWA NDANI YA CHUMBA KIMOJA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilishika chaki mwaka 1983, nikaiweka chini mwaka 2022 nilipotimiza umri wa miaka sitini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo 39 nilifundisha Darasa la Kwanza na la Pili, yaani watoto wanaoingia hawajui a wala kidole, na wanatakiwa watoke wanasoma. Sasa ni mjumbe wa Kamati ya Shule kijijini kwetu, na mjukuu wangu anasoma katika jengo ninaloliandikia barua hii. Shule siitaji jina, wala kijiji, kwa sababu walimu waliopo pale ni watumishi walio chini yako na sitaki kalamu yangu iwaponze. Wewe unaijua. Mafaili yetu yapo ofisini kwako.

Hii si barua ya kwanza. Kamati iliandika Machi 2024, barua ikapita kwa Mwalimu Mkuu na kwa Afisa Elimu Kata kama utaratibu unavyotaka. Tukaandika tena Agosti mwaka huohuo. Julai 2025 tulikuja watu wanne, tulitoka nyumbani saa kumi alfajiri, tukaambiwa uko kikaoni. Ofisa aliyetupokea alitusikiliza kwa adabu, akaandika kila tulilosema, akatuahidi majibu ndani ya wiki mbili. Huu ni mwezi wa saba. Novemba akaja ofisa mwingine shuleni, na maneno aliyotuambia siku hiyo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu niandike mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Nitayafikia.

Kwanza nieleze jengo, kwa ajili ya wasomaji wasiolijua. Wananchi walilianzisha mwaka 2022 kwa nguvu zao. Wanaume walichimba msingi na kusomba mawe, kina mama tukabeba maji na mchanga. Ramani ilikuwa ya madarasa matatu, yenye kuta mbili za ndani, na msingi wa kuta hizo tuliujenga. Boma lilipofika usawa wa madirisha Halmashauri ikalipokea, jambo tulilolishukuru na tunaendelea kulishukuru: ikamalizia kuta za nje, ikapaua, ikapiga lipu, ikamwaga sakafu, ikaweka madirisha. Kuta mbili za ndani hazikujengwa. Tuliambiwa zitakuja hatua ya pili. Sakafu ikamwagwa juu ya ule msingi tuliouchimba kwa mikono yetu, na Januari 2024 watoto wakaingizwa.

Kwa hiyo tuna chumba kimoja cha mita 27 kwa 7. Darasa la Kwanza linakaa upande wa mashariki na ubao wake umo ukutani. Darasa la Tatu linakaa magharibi, nalo lina ubao ukutani. Darasa la Pili liko katikati, ubao wake ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi na kuegemezwa kwenye dawati. Muhula huu wameandikishwa 84, 71 na 66. Watoto 221 chini ya bati moja lisilo na dari, walimu watatu wanafundisha kwa wakati mmoja. Kiwango cha Serikali yetu yenyewe ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini leo sikuja kulalamikia wingi. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamemiminika shuleni, na mimi ni mmoja wa waliofurahi kuwaona. Ninachokilalamikia ni kwamba hawasikii.

Hoja zetu ni hizi.

1. Watoto wa Darasa la Kwanza hawazisikii herufi

Kusoma kunaanzia sikioni. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulipoletwa mwaka 2015 ulitukumbusha kitu ambacho walimu wa zamani tulikijua: mtoto hufundishwa sauti kabla ya herufi. Mwalimu anatamka, watoto wanamtazama mdomo, wanarudia, mmojammoja na kwa pamoja, ndipo anaandika ubaoni. Pa na ba mdomo hufumbwa vilevile. Kinachozitenganisha ni mtetemo mdogo wa koo. Ta na da ni hivyohivyo, fa na va, sa na za. Ni vitu vidogo mno, na ndivyo vinavyobeba lugha nzima.

Mtu mzima akiambiwa "nipe kisu" na kelele ikaimeza ile k ya mwanzo, bado atanyoosha mkono na kukupa kisu, kwa sababu neno analo tayari kichwani na akili inajaza pengo. Mtoto wa miaka sita hana akiba hiyo. Huku kwetu ndiyo kabisa, maana wengi wanaingia shuleni na Kisukuma cha nyumbani na Kiswahili cha kuokoteza. Kisukuma hakina r kama ya Kiswahili, kwa hiyo kula na kura, mahali na mahari, kwao ni neno lilelile mpaka mwalimu awasogeze karibu, awaonyeshe ulimi unavyopigapiga juu, awasikilizishe leo na kesho na keshokutwa. Nimeifanya kazi hiyo kwa maelfu ya watoto. Inataka utulivu. Ukiniambia niifanye huku nyuma yangu watoto 71 wanaimba silabi zao, na nyuma yao 66 wanaimba tebo, nitakujibu kwa heshima zote kwamba siwezi, na sijawahi kumwona mwalimu anayeweza.

Mwaka jana mjukuu wangu akiwa Darasa la Kwanza alipewa imla ya maneno kumi. Alipata matatu. Nilikwenda kuliona daftari shuleni. Paka ameandika "baka". Dawa ameandika "tawa". Fimbo ameandika "vimbo". Mistari miwili ameiacha mitupu, na pembeni ya mmoja karatasi imetoboka alipofuta kwa kidole na mate. Niliomba orodha ya maneno kwa mwalimu wake, na jioni ileile, kabla mtoto hajarudishiwa daftari, nikamkalisha chini ya mwarobaini nyumbani nikamfanyia imla ileile kwa mpangilio uleule. Akapata manane. Alikosa kura na zawadi.

Ndugu Mkurugenzi, mtoto ni yuleyule, siku ileile, maneno yaleyale. Kilichobadilika ni mahali alipokaa.

Nikarudia zoezi hilo kwa watoto wa majirani saba, kwa ridhaa ya wazazi wao. Hakuna hata mmoja ambaye hakupata zaidi chini ya mti kuliko alivyopata shuleni.

2. Muda wa somo unagawanywa kwa tatu

Walimu si wajinga, na hawakukaa wakilia. Baada ya muhula wa kwanza walikubaliana wenyewe kupokezana. Mmoja akifundisha kwa sauti, wawili wanawapa watoto kazi ya kuandika kimya. Kipindi cha Darasa la Kwanza na la Pili ni dakika 30. Ukigawa kwa tatu, kila mwalimu anabaki na dakika kumi za kusema, na kwa mtoto asiyejua kuandika bado, "kazi ya kuandika kimya" maana yake ni kuchora vijiti na kumchokoza jirani. Darasa la Tatu vipindi vyao ni vya dakika 40, kwa hiyo hata kengele zao hazilingani na za wenzao: wakati hawa wanatulia, wale wanatoka nje wakivuta madawati.

Mtaala hautambui mpango huo wa kupokezana. Mthibiti ubora akija anataka kuona mada zilizopangwa zimefundishwa, na mwisho wa Darasa la Pili watoto hawa watapimwa KKK sawasawa na watoto wenye kuta.

Anayeumia zaidi ni wa katikati. Mwalimu wa Darasa la Pili anapigwa na sauti kutoka mbele na nyuma. Siku niliyokaa naye kutwa nzima, ilipofika saa nne alikuwa ameacha kuongea. Aliandika ubaoni, akagonga ubao kwa fimbo, akanyoosha kidole kwa mtoto, mtoto akasimama na kusoma, na mimi niliyekaa mita nne kutoka kwake sikumsikia. Mwalimu naye hakumsikia. Alimtazama midomo, akatikisa kichwa kwamba ni sawa, akamwelekea mwingine.

3. Walimu wanapoteza sauti zao

Walimu wawili kati ya watatu wamekwenda hospitali kwa ajili ya koo tangu jengo lifunguliwe. Mmoja aliambiwa apumzishe sauti wiki mbili. Alipumzika siku tatu, kwa sababu hakukuwa na wa kumshikia darasa. Wanakuja na chupa za maji ya moto yenye tangawizi, na ikifika Alhamisi wanaongea kama watu waliotoka kwenye msiba. Sauti ya mwalimu ni jembe lake. Jembe likivunjika, tunanunua lingine. Sauti ikivunjika hatuna duka.

4. Watoto wanaadhibiwa kwa kosa la jengo

Hili nililiona kwa macho yangu na limenikaa. Mwalimu wa Darasa la Kwanza aliuliza nani atamtajia irabu zote. Wakati huohuo Darasa la Tatu walikuwa kwenye tebo ya saba. Mtoto mmoja wa kike, mdogo, mwenye sketi ya kurithi kwa dada yake, akanyoosha mkono juu kabisa kwa furaha, akasimama, akasema, "Hamsini na sita!" Wenzake wakacheka. Mwalimu alikuwa amechoka, alidhani ni utundu, akamwambia apige magoti mbele. Mtoto alikwenda kupiga magoti hajui kosa lake. Alikuwa amejibu. Amesikia swali, saba mara nane, na jibu amelikamata kutoka upande wa pili, na lilikuwa sahihi.

Simlaumu mwalimu yule. Nimekuwa mwalimu yule. Lakini tangu siku hiyo yule mtoto hanyooshi mkono, na nimewaambia wazazi wake sababu, maana walidhani mtoto wao ni mzito.

5. Wenye masikio mabovu wamesahaulika kabisa

Kila mwalimu wa kijijini anawajua watoto wanaotoka usaha masikioni, wanaokuja na pamba sikioni. Wengine usikivu wao umepungua na hakuna aliyewahi kuwapima. Katika darasa tulivu unamweka mtoto huyo dawati la mbele na anaambulia. Humu hata dawati la mbele halimsaidii. Tunaimba elimu jumuishi kwenye mikutano, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya elimu. Nadhani haki hiyo inaanza na kumsikia mwalimu.

Mvua naiandika kwa mstari mmoja kwa sababu hiyo ni shida ya kila jengo lisilo na dari: ikinyesha, madarasa yote matatu yanasimama.

Sasa niyafikie majibu tuliyopewa, na mengine ambayo huenda tukapewa.

Ofisa aliyekuja Novemba alisimama katikati ya jengo lile, akatuambia kwamba hatuna haja ya kuta, kwamba darasa la wazi ndilo la kisasa, na kwamba hata Ulaya watoto wanasoma hivyo. Akasema tukijenga kuta tutakuwa tumerudi nyuma. Wazazi walinyamaza, kwa sababu hakuna kati yetu aliyefika Ulaya. Mimi nilirudi nyumbani nikampigia mwanangu anayefundisha chuoni, nikamwomba anitafutie maandishi kuhusu shule hizo. Nimesoma kwa miezi miwili, na napenda nikueleze nilichokuta, maana ofisa wako alisema nusu ya kweli na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu.

Ni kweli shule za wazi zilijengwa Uingereza. Mojawapo ya zinazotajwa mwanzoni ni ya kijiji cha Finmere, Oxfordshire, iliyobuniwa na wasanifu Mary na David Medd na kufunguliwa mwaka 1959. Niliposoma habari zake nilielewa kwa nini ilisifiwa. Ilikuwa ya watoto kama 50 na walimu wawili. Ilikuwa na pembe za kujificha na kitabu, na ilikuwa na milango ya kukunja, ukitaka kutenga sehemu unaivuta tu. Mwaka 1967 ikatoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na Bridget Plowden kuhusu shule za msingi, ikaipa nguvu fikra kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda, kwa vikundi vidogo, kila mmoja kwa mwendo wake. Katika ufundishaji huo hakuna mwalimu anayesimama mbele na kuwaimbisha watoto 84. Chumba kilifuata ufundishaji. Kwetu ufundishaji ni ubao, chaki na kiitikio, kwa sababu idadi haituruhusu vinginevyo, kisha tukaletewa chumba cha ufundishaji mwingine. Hata hicho hakikuja kwa kupangwa. Kilikuja kwa sababu kazi iliachwa njiani.

Na hao waliopanga kwa makini, wenye watoto wachache, mazulia sakafuni na dari za kufyonza sauti, yaliwakuta nini? Marekani walijenga shule nyingi za wazi mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Kelele ikawashinda. Walimu wakaanza kujitengenezea kuta kwa makabati na rafu za vitabu, na baadaye shule nyingi zikajengewa kuta halisi. New Zealand ilizijenga kwa wingi miaka ya karibuni, hasa Christchurch baada ya tetemeko la mwaka 2011 lililobomoa shule zao. Mwaka jana, 2025, serikali yao ikatangaza kwamba haitajenga tena madarasa ya wazi, inarudi kwenye vyumba vya kawaida. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, kama tunataka kuwafuata wa mbali, tuwafuate mpaka walikofika.

Kuna jambo jingine nililolisoma ambalo sikulala baada ya kulisoma. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha uchunguzi wa shule moja ya msingi jijini New York iliyokuwa jirani na reli ya juu. Madarasa ya upande mmoja yalipigwa na kelele za treni, ya upande wa pili yalikuwa tulivu. Shule moja, walimu wa aina moja, watoto wa mtaa mmoja. Watoto wa upande wa kelele walikuwa nyuma katika kusoma, na walipofika darasa la sita pengo lilikaribia mwaka mzima wa masomo. Kisha reli ikawekewa mpira wa kupunguza mtikisiko na madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti. Mwaka 1981 akachapisha vipimo vipya, na pengo halikuwepo tena.

Hivyo tusiseme kelele ni usumbufu mdogo ambao watoto watauzoea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, linataka kelele ya nyuma darasani isizidi desibeli 35 wakati wa somo, yaani kiasi cha mnong'ono, ili sauti ya mwalimu ijitokeze juu yake kwa nafasi ya kutosha. Sina kipimo cha desibeli. Lakini sihitaji kipimo kujua kwamba watoto 137 wakiimba pande mbili huo si mnong'ono.

Jibu la pili tunalolitarajia ni la wazee wenzangu: "Sisi tulisoma chini ya mti, mbona tumekuwa watu?" Nami nilifundisha chini ya mti. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Elimu kwa Wote iliyofuata, watoto walikuja wengi kuliko vyumba, na mimi nilipoanza kazi bado tulikuwa na madarasa chini ya miembe. Nakumbuka vizuri: mwembe wangu na mwembe wa mwenzangu vilitenganishwa na uwanja wa mpira. Sauti ikienda hairudi, haina ukuta wa kuigonga wala bati la kuirudisha. Humu kila neno linagonga ukuta wa mwisho, linagonga bati, linarudi kukutana na maneno mengine. Jengo hili, zuri kama lilivyo kwa nje, kwa masikio ya mtoto ni baya kuliko mwembe.

Jibu la tatu ni fedha, na hilo nalipa uzito wake. Najua maombi yaliyo mezani kwako ni mengi: zahanati, vyoo, barabara, maboma mengine yanayosubiri bati. Ndiyo maana tumepiga hesabu kabla ya kukuandikia. Fundi wa kijiji amepima. Kila ukuta una upana wa mita 7, na lazima upande mpaka uguse bati, maana ukiishia usawa wa mkanda wa zege sauti itapita juu na kazi itakuwa bure. Kuta zote mbili zinataka tofali za inchi 6 kama 500, pamoja na za kuvunjika. Wananchi wamekubaliana kwenye mkutano wa kijiji kuzifyatua, kuleta mchanga na maji, na kumlipa fundi. Tulichokwama ni saruji, mifuko isiyozidi 50 ukijumlisha lipu, na mbao tatu za kudumu za kuandikia.

Lakini hata fedha siyo iliyotuzuia. Septemba mwaka jana tulikuwa tayari kuanza na saruji tuliyochanga wenyewe, mifuko 14. Tukakatazwa. Tuliambiwa jengo ni mali ya Halmashauri, na mwananchi hana ruhusa ya kubadili ramani. Ndugu Mkurugenzi, ramani ya kwanza ina kuta hizo. Nakala tunayo, ina muhuri. Msingi wake uko chini ya sakafu, mtu akigonga kwa nyundo atausikia. Hatuombi kubadili ramani, tunaomba imaliziwe. Na kama Mhandisi ana wasiwasi na uimara, jambo ambalo ni haki yake na wajibu wake, basi aje apime. Tangu Septemba hajaja.

Kwa hayo yote, tunaomba:

(a) Mhandisi wa Halmashauri afike shuleni kabla ya mwisho wa Machi, aukague msingi wa kuta za ndani, na atoe kwa maandishi ama kibali ama sababu ya kukataa.

(b) Kibali kikitoka, Halmashauri itupe mifuko 36 ya saruji ili tujazie 14 tuliyo nayo. Tunajua sehemu ya mapato ya ndani hutengwa kila mwaka kwa miradi ya maendeleo, tunaomba tuwemo.

(c) Wakati tunasubiri, Darasa la Pili lihamishiwe mchana, kuanzia saa saba, wakati Darasa la Kwanza limeshakwenda nyumbani. Si suluhisho zuri, watoto wanachoka na jua linawaka, lakini angalau yule wa katikati atapata upande mmoja wa kimya. Mwalimu Mkuu yuko tayari, anasubiri ruhusa yako.

(d) Watoto wa madarasa haya matatu wapimwe masikio na wataalamu wa kituo cha afya. Ni kazi ya siku mbili.

(e) Maboma mengine ya Halmashauri yasipokelewe na kuingizwa watoto kabla kuta za ndani hazijafika batini. Nimesikia kuna mengine mawili yanakwenda njia hiyohiyo.

Na ombi langu binafsi. Njoo siku moja, bila msafara, saa mbili na nusu asubuhi. Nitakuwekea kiti katikati ya Darasa la Pili. Mwalimu atatamka maneno kumi na wewe utayaandika pamoja na watoto.

Tofali 320 zimeshafyatuliwa. Zimepangwa nyuma ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, zimefunikwa kwa majani ya migomba ili zisipigwe na mvua hizi. Zilizobaki tutamaliza kabla ya Pasaka. Saruji yetu iko stoo ya kijiji, nayo, kama unavyojua, haikai muda mrefu bila kuganda.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mjumbe wa Kamati ya Shule,
Bibi wa mwanafunzi wa Darasa la Pili

Nakala:
Afisa Elimu, Elimu ya Awali na Msingi
Mhandisi wa Halmashauri
Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa Kijiji
Wazazi wote wa Darasa la Kwanza, la Pili na la Tatu